Dozi Mbili Tangini

Wanaume wawili walikuwa wakigombea chupa ya mwisho ya asidi amino, yale matone yanayokuza matumbawe na kuyatia rangi. Duka la samaki wa mapambo lilikuwa limefurika wateja. Mmoja akarusha ngumi, mwenzake akainama, na fundi wa vioo aliyekuja kupima tangi, masikini, akaipokea yeye.

Binti aliyetunza matumbawe ya duka alimkimbilia na barafu, gauni lake la njano limelowa maji ya chumvi.

"Pole jamani! Inauma?"

"Ilikuwa inauma. Sasa nimekuona."

"Mdomo umevimba na bado una maneno!"

Binti alicheka, na kucheka huko ndiko kulikomponza. Haukupita muda wakawa hawalali bila kupigiana simu.

"Daktari wa mawe, wagonjwa wako wamekula?"

"Si mawe, mpenzi, ni wanyama. Wana midomo mingi kukuzidi wewe."

Kisha mama yake binti akaugua ghafla. Akiwa kando ya kitanda cha mama, binti alimpigia kaka yake, mwenye duka, ayape matumbawe matone ya siku hiyo. Kaka akafoka kwamba hana muda na upuuzi, akakata simu. Binti akampigia fundi.

"Usijali, roho yangu. Naenda sasa hivi."

Asubuhi binti alikuta tangi kubwa limekuwa jeupe kama uji. Matone yakizidi, maji huchafuka na hewa huwaishia viumbe humo. Matumbawe aliyoyalea tangu yakiwa vipande vidogo yalikuwa yanachubuka ngozi, yanabaki mifupa.

Fundi aliingia akitabasamu, shati limepigwa pasi.

"Umeyaua!" binti alipiga kelele. "Umeniulia!"

Kaka hakungoja maelezo. Alimkamata fundi kwa ukosi, akamgongesha kichwa kwenye kioo. Akamgonga tena, kioo kikapasuka, maji na damu vikamwagika sakafuni. Fundi alianguka juu ya vigae vya kioo, na bado teke likamfuata. Binti alisimama mlangoni, mikono mdomoni. Wateja ndio waliomvuta kaka.

Baadaye kaka alikuwa akinawa damu kwenye sinki, anahema.

"Mjinga yule. Na mimi jana nilirudi nikayapa matone yako, nilikuonea huruma."

Binti alitoka mbio, hakukumbuka hata viatu.

Alimkuta fundi wodini, jicho moja limefungwa bandeji. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba hilo halitaona tena.

"Kaka naye alitia matone," binti alisema, machozi yanamtiririka. "Hukukosea kitu. Nisamehe, mpenzi wangu."

"Kaka yako ana hasira, nilijua tangu zamani. Wewe je?"

"Nilichanganyikiwa."

"Aliponigongesha mara ya kwanza nilikutazama. Nikajua utasema basi, kaka, muache. Nilikungoja useme."

Binti alipiga magoti kando ya kitanda.

"Nioe. Nitakuuguza maisha yangu yote."

"Nakupenda," fundi alisema taratibu. "Hilo linaniuma kuliko jicho. Rudi kwa mama yako, ni mgonjwa na hana wa kumtunza."

"Unanifukuza?"

"Nakuomba uende."

Binti aliubusu mkono wake ulioshonwa nyuzi. Fundi hakuuondoa, lakini vidole vyake havikumshika.