Boko Boko la Bi Mize

Nina miaka thelathini na sita. Sina mke, sina nyumba, na kwa sasa nalala chumba cha kupanga huko Kiembe Samaki pamoja na fundi baiskeli mmoja anayekoroma. Ndugu wasomaji, sitaki mnionee huruma. Nataka mnisikilize tu, maana yaliyonipata mimi yalianza na jambo dogo mno... chakula cha mchana!

Shule niliacha darasa la sita. Si kwamba nilikuwa mjinga. Nilikuwa siwezi kukaa. Nilichuma karafuu Pemba, nikabeba mizigo bandarini, nikapaka rangi milango ya Mji Mkongwe, nikachemsha chai kwenye meli ya mizigo. Kila nilipofika niliuliza: hiki kinafanywaje, kile kimetoka wapi, kwa nini? Watu walinichoka. Marehemu mama yangu alikuwa akisema mdomo wangu hauna siku ya mapumziko.

Lakini tangu utotoni tumbo langu lilikuwa adui yangu. Linajaa kama ngoma, naharisha, nakonda. Nilinyweshwa mizizi, nikafukizwa, nikasomewa. Wapi!

Baada ya Mapinduzi walikuja madaktari wa kigeni hospitali ya mjini. Mmoja wao, mama mwenye miwani minene, alinisikiliza. Alinisikiliza kweli! Kwa mkalimani aliniuliza ninakula nini asubuhi, mchana na jioni. Mwisho akaniambia neno lililonichekesha: adui yangu ni ngano. Si jini, si hasadi. Ngano! Niache mkate, chapati, maandazi, sambusa, tambi, na kila kitu chenye ngano hata chembe. Wali, muhogo, ndizi, samaki, ruksa.

Nikaacha. Haukupita muda mrefu nikawa mtu mwingine. Nilinenepa, nikacheka, nikaona hata mimi naweza kuoa.

Nikamwoa Zuhura.

Baba yake, Mzee Haji, alikuwa fundi cherehani wa Malindi, mtu mwenye heshima zake. Hakunitaka. Alisema kijana asiyetulia kazini hatatulia nyumbani. Zuhura alilia mpaka mzee akakubali. Basi tulipooana, mke wangu alinipa sharti moja: kwao wasijue habari ya tumbo langu. "Wakijua," alisema, "watasema nimewaacha wazima wote wa mji huu nikaokota mgonjwa." Nikakubali. Alinipenda wakati ule. Alikuwa akinipikia vitumbua vya mchele kwa mikono yake mwenyewe, na unga wa ngano hauingii jikoni kwetu. Kumbukeni hilo, wasomaji. Alijua kila kitu!

Mzee Haji alikuwa na desturi, skuli zikifungwa, kuwachukua watu wake wote kwenda Matemwe kupunga upepo. Mwaka ule mchele ulikuwa umeanza kuwa adimu madukani, watu wanapanga foleni. Hata hivyo tulikwenda, tukajazana kwenye gari la shamba na magodoro yetu, masufuria yetu, na mama mkwe wangu Bi Rukia akitapika njia nzima.

Siku za mwanzo zilikuwa raha. Tuliogelea, tukala samaki wa kuchoma na muhogo. Nilidhani nimeokoka.

Kisha mialiko ikaanza.

Wenzangu wa mjini mnajua, shamba mgeni wa mmoja ni mgeni wa wote. Leo mnaitwa hapa, kesho pale. Wanaume tunazunguka sinia moja, wanawake ndani na sinia lao. Nyumba ya kwanza tulipewa chapati kwa mchuzi wa pweza. Nikachokoa vipande vya pweza vya pembeni. Nyumba ya pili maandazi na chai. Nikanywa chai. Nyumba ya tatu nikasema n'shakula. Mwenye nyumba akanitazama... jicho lile silisahau.

Mzee Haji aliona haya. Akatupeleka sisi wanaume kwenye mgahawa wa makuti karibu na soko la samaki, labda huko nitakula. Mimi na mdomo wangu nikamuuliza mpishi kama mchuzi wake ameuzitisha kwa unga, na kama ni unga, ni unga gani.

"Bwana," alisema na upawa mkononi, "wewe umekuja kula au umetumwa na watu wa afya?"

Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Mzee Haji hakucheka. Tulipotoka aliniambia taratibu, "Mwanangu, chakula cha watu hukikatai mara tatu. Mara ya tatu umewatukana."

Nilimwendea Zuhura. Nikamwambia sasa basi, lazima awaambie wazee wake. Akaniahidi atasema.

Jirani wa nyumba tuliyokuwa tumeazimwa alikuwa mjane mmoja, Bi Mize. Mwanamke mwembamba, mpole, mkono wake mwepesi wa kutoa. Asubuhi nikimwamkia shikamoo, ananijibu "Marahaba, mwanangu," kisha ananionyesha anavyosuka ukili wa mikeka na kunieleza kila nililomuuliza bila kuchoka. Sikupata kuona mtu mzima mwenye subira kama ile.

Alitualika Ijumaa, baada ya sala.

Safari hii sikutaka mchezo. Nilimtuma Zuhura mapema akamwambie Bi Mize kwamba mimi sili ngano, nina maradhi. Nilimwona akijifunga kanga, akaenda. Alirudi. "Nimeshamwambia," alisema. Nikashukuru. Nikatembea kijijini moyo mweupe, nikakaa na mzee mmoja anayeshona makuti, nikamuuliza hili na lile. Nikamuuliza pia kwa nini watu wakitajiwa mwaliko wa Bi Mize wanakohoa.

Aliangalia huku na huku. Akaniambia zamani mtoto wa jirani alikula kashata kwa Bi Mize, akaugua, akafa. Tangu hapo watu wanasema chini kwa chini kwamba bibi yule ana mambo yake. Hakuna anayemwambia usoni. Wanakwenda akiwaita, lakini hawatii mkono mpaka mwingine aanze. "Na Ijumaa," alisema, "watakutazama wewe. Wewe ndiye mgeni."

Ijumaa tukafika. Tulikaa ukumbini kwenye mkeka, mimi, Mzee Haji na wanaume wa mtaa ule. Sinia likaletwa limefunikwa kawa. Bi Mize mwenyewe akalifunua.

Boko boko!

Wasomaji, kwa asiyelijua, boko boko ni ngano na nyama, vinapikwa na kupondwa mpaka viwe kitu kimoja laini. Ni chakula cha harusi. Samli ilikuwa ikimeremeta juu yake.

"Karibuni, wanangu," alisema Bi Mize. "Mchele hakuna dukani. Nikasema wageni wangu nisiwape muhogo kama siku zote. Ngano hii nimeiweka tangu mwanangu alipotoka safari, na jogoo ni wangu mwenyewe."

Sote tulikuwa tumenawa, lakini hakuna aliyetia mkono. Wanaume wote walikuwa wakitazama vidole vyangu! Niligeuka kuangalia mlango wa ndani walikokaa wanawake. Zuhura aliniona. Akainamisha kichwa.

Nikajua hakusema.

Nifanye nini? Nikikataa, mbele ya watu wale, nimekwisha mhukumu bibi wa watu. Nikieleza habari ya daktari na miwani yake, nani angenisadiki saa ile? Ingekuwa kisingizio cha mtu anayeogopa kulogwa. Bi Mize alikuwa amesimama, kawa bado liko mkononi. Alijua wanachongoja. Miaka yote alijua!

Nikasema Bismillahi. Nikala.

Na lilikuwa tamu... Allah! Miaka mingi sikuonja kitu kile. Wanaume wakashusha pumzi, mikono yote ikaingia sinia. Mmoja akasema, "Kumbe mgeni anakula! Tulidhani anaishi kwa maswali." Tukacheka sote. Bi Mize alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nilimuuliza amelipiga kwa muda gani likawa laini vile, akanieleza, huku akiniongeza nyama.

Ile ndiyo raha ya mwisho niliyoipata katika ndoa yangu.

Kabla ya alasiri tumbo lilishanikamata. Nilitapika, nikaharisha mpaka miguu ikakataa kusimama. Kabla ya magharibi kijiji kizima kilikuwa na habari. Bi Rukia alipiga kelele uani, "Sikusema mie? Nyumba ile si ya kulia!" Mwanamume mmoja niliyekula naye sinia moja alikwenda nyuma ya nyumba akajitia kidole kooni. Wakaitana, wakamtafuta mganga. Bi Mize alikuja na maji ya tangawizi, nikasikia sauti yake barazani, kisha nikasikia akifungiwa mlango kwa komeo.

Nilikusanya nguvu. Nikawaambia kwamba ni ngano! Daktari aliniambia! Bibi yule hana kosa, wamuulize Zuhura, anajua yote!

Mzee Haji akamgeukia binti yake. "Zuhura, ni kweli?"

Alisokota pindo la kanga yake. Alisokota, akasokota...

"Sijui habari hiyo, baba. Labda ni homa inamsemesha."

Wasomaji, mmepata kuangaliwa na wake zenu kama wanamwangalia mtu anayepita njiani?

Nilirudishwa mjini chali ndani ya gari. Hospitali nikamuulizia yule mama wa miwani, wakaniambia amekwisha rudi kwao. Nilipopata nafuu Zuhura alikuwa kwa wazazi wake, na Mzee Haji anataka talaka. Alisema hawezi kumwacha binti yake kwa mtu aliyekwisha chezewa na wachawi.

Zuhura alikuja mara moja kuchukua masufuria yake. Nilimuuliza kwa nini. Hakulia.

"Ningesema nilijua, wangeniuliza kwa nini nilikuacha ule," alisema. "Na wewe ulikula mwenyewe, Sele. Nani alikushika mkono?"

Nilimfungia masufuria yake kwa kamba. Mimi, mwenye mdomo usiopumzika! Nikatoa talaka. Nasikia ameolewa Mkunazini, na jikoni kwake sasa wanapika chapati kila siku.

Nilipoweza kutembea vizuri nilirudi Matemwe. Nilipita baraza hadi baraza nikieleza. Walinicheka. "Ngano inaumiza watu? Basi mji mzima ungekwisha!" Mzee wa makuti peke yake hakucheka. Aliniambia siku hizi Bi Mize haamkiwi, watoto wanavuka upande wa pili wakipita kwake, na mwanawe amehamia Nungwi kwa aibu.

Nilimkuta uani. Masufuria yake makubwa yalikuwa yamepinduliwa ukutani, yameota kutu. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote tangu mwanzo. Aliuweka ukili wake chini.

"Kwa hiyo ni ngano," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mbona hukuniambia, mwanangu? Muhogo ulikuwepo."

Nikalia kama mtoto. Nikamwomba anipikie muhogo huo, sasa hivi, nikaule barazani watu wote waone. Akatikisa kichwa. "Mie sipikii watu tena," alisema. "Na wewe ukiumwa kichwa tu njiani, nitaambiwa ni mie."

Basi nikamwomba maji. Akayachota mtungini. Kabla ya kunipa kata, aliiinua, akanywa yeye kwanza, funda kubwa, akiniangalia ili nione ameyameza. Sikumtaka afanye vile! Alikwisha zoea.

Ndugu zangu, mwenye maradhi asione haya. Ukialikwa, nenda mwenyewe kwa mpishi, kabla chungu hakijatelekwa motoni, useme kwa ulimi wako hiki nakula na hiki sili. Usimtume mke, usimtume mume, usimtume yeyote. Mimi nimeuliza kila kitu katika dunia hii kwa mdomo wangu, lakini neno moja lililokuwa na faida nililitia katika mdomo wa mtu mwingine.

Mimi nilipona baada ya muda. Bi Mize bado anakunywa kwanza.