Samaki wa Posa

"Toa uozo huo nyumbani kwangu!"

Mzee Hezroni alikuwa amejiziba pua kwa kanga ya mkewe. Eliezeri, aliyekuja kumposa binti yake Redempta, alikuwa ametoka bwawa la Nyumba ya Mungu na kapu la samaki aina ya perege. Gari likamharibikia njiani siku mbili juani, naye akalileta kapu hilohilo mbele ya wakwe huku akitabasamu! Mjomba mmoja alikimbilia nje kwa kupitia dirishani.

"Baba, nisamehe. Tangu nianguke kwenye lori nikagonga kichwa, sisikii harufu yoyote."

"Yoyote?"

Mzee akaponda tangawizi mbichi ya shambani kwake, akamsogezea puani. Loo! Chafya tatu, machozi tele.

"Mnaona? Pua nzima kabisa! Amekuja kututukana. Redempta, huolewi na mwongo!"

Redempta alimpenda Eliezeri, jamani, msiulize kiasi gani. Lakini machozi yale aliyaona mwenyewe. Akamfuata mpaka migombani.

"Eli, unanidanganya?"

"Haki ya Mungu, Reda. Hata harufu ya mafuta yako ya nazi naikumbuka tu."

Moyo ukamuuma.

"Basi Jumatatu njoo hospitali ya Gonja, kazini kwangu. Kuna daktari mgeni ana mashine ya kupima ubongo. Baba nitamleta. Ukiwa mwongo, nami basi."

"Nitakuja."

Jumatatu alivishwa nyaya kichwa kizima. Daktari akampulizia puani harufu ya waridi, mara nyingi. Kalamu ya mashine ikachora mstari uleule. Akapuliza harufu ya yai viza. Mzee Hezroni pembeni akakohoa, kalamu haikushtuka. Redempta, na uuguzi wake wote, aliinamia karatasi kama haamini.

Mwisho ikapulizwa hewa ya kuwasha. Kalamu ikaruka!

"Si huyo! Amesikia!" mzee akadakia.

Daktari akacheka.

"Mzee, harufu ina mshipa wake wa fahamu, muwasho una wake. Wa harufu uliumia alipoanguka. Wa muwasho ni mzima, ndiyo maana tangawizi ilimliza. Angekuwa anadanganya, kalamu ingeruka kwenye waridi."

"Kumbe nilimpima kwa..."

"Kwa zao lako la tangawizi, baba," Redempta alisema, akicheka huku analia.

Mzee akamshika Eliezeri mkono.

"Mwanangu, nimekukosea. Rudi upose. Ila safari hii lete mbuzi, tena anayetembea mwenyewe!"

Ndoa ilifungwa Desemba, mwaka ule maduka ya Same yalipoanza tena kujaa sukari na unga wa ngano baada ya miaka ya uhaba. Keki aliioka bibi harusi mwenyewe. Akamlisha bwana kipande cha kwanza. Eliezeri akatafuna, macho yakamjaa machozi.

"Reda! Hii naipata!"

"Nimekuokea wewe."

Ukumbi mzima ulikuwa unakohoa kwa tangawizi iliyojaa kwenye keki. Mzee Hezroni, uso umemwiva, aliomba maji huku anapiga makofi.

"Na samaki?" Eliezeri akamnong'oneza.

"Samaki, mume wangu, nitanunua mimi."