Aziza wa Fishi

Aziza alikwenda sokoni Kasongo kutafuta makufuli, akarudi na moyo unamwenda mbio. Msicheke, yamewapata wengi. Alivaa kitenge cha kijani chenye maua ya njano, kilemba amekilaza upande, na joto la saa sita lilipandisha harufu ya samaki wakavu na mawese mpaka puani. Kwenye meza ya vyuma, katikati ya misumari na minyororo ya baiskeli, kijana mmoja mrefu mwenye shati jeupe alimtazama tangu kilemba mpaka kandambili.

"Makufuli matatu, dada? Iko nini kwako, dhahabu ao bwana mwenye wivu?"

"Iko makaratasi."

"Yo! Mutu anafungia makaratasi kwa makufuli matatu?"

"Weye uza, kaka. Maneno mengi ya nini?"

"Maneno ni matabishi. Nakuongezea bure."

Aziza alitaka kununa, akacheka. Basi, mambo yakaanzia hapo, kwa maana Aziza akicheka anaota kishimo shavuni, na kijana alikwisha kukiona.

Jina lake Muzaliwa. Kila mwezi alipakia vyuma kwenye pikipiki, akashika njia mbovu ya Kabambare mpaka Salamabila, kuwauzia wachimba dhahabu. Na Aziza alikuwa karani wa fishi, kadi za habari za wagonjwa, kwenye kliniki ya Dokta Mathilde. Mahali pengine fishi hukaa ndani ya makartoni barazani, na mtu anayetafuta ya kwake husoma kwanza za majirani. Dokta Mathilde hakutaka mchezo huo. Kwake kulikuwa na makabati ya kufuli, mlango ulifungwa mgonjwa akiwa ndani, ugonjwa wa mtu haukutajwa barazani, na neno la mgonjwa halikutoka mpaka akubali mwenyewe. Aziza alitia sahihi kwamba atafuata hayo yote. Watu wakampa jina: Aziza wa Fishi.

Mapenzi yakashika moto kwa simu.

"Halo, sukari! Unanisikia? Niko juu ya kichuguu hapa Kabambare, rezo ya simu inakamata hapa tu."

"Shuka, nyoka wasikuume."

"Nishuke sauti yako ipotee? Afazali nyoka!"

Siku moja akasema kwa sauti ya chini, "Shangazi Mwamvita ndiye alinilea. Akikubali yeye, wazee wanakuja kwenu mwezi ujao." Aziza alikata simu, akaruka chumbani peke yake kama mtoto aliyenunuliwa nguo ya Idi.

Shangazi akaja kliniki mwenyewe, baibui jeusi la kumetameta, hina mpaka viganjani. Alimkagua Aziza juu mpaka chini, akaridhika. Kisha akainama juu ya meza.

"Sasa weye ni mutoto wa kwetu. Niambie basi. Fifi, bibi ya mutoto wangu, alikuja hapa Jumatano. Iko na mimba, ao anameza dawa ya kuzuia? Miaka mitatu nangojea mujukuu!"

Aziza aliijua fishi ya Fifi. "Pardon, shangazi. Kama alikuja ao hakuja, siwezi kusema. Muulize Fifi mwenyewe."

"Unaninyima miye, mukwe wako?"

"Hata mama aliyenizaa ningemujibu hivyo."

Shangazi aliinuka, uso umemvimba kwa hasira. Jioni simu ikalia, na safari hii hakukuwa na sukari wala kichuguu.

"Neno moja tu, Aziza! Ungekufa?"

"Neno si langu, mupenzi."

"Kama unamuficha shangazi yangu, miye utanificha mangapi?"

"Na weye ukiugua, unataka nani asome fishi yako?"

"Miye siugui! Wazee hawatakuja. Kwaheri."

Aziza alilia mpaka macho yakavimba. Na nisiwadanganye, kesho yake alisimama mbele ya kabati, ufunguo mkononi, akiwaza: nikimpigia shangazi sasa hivi, neno moja tu, ndoa yangu inarudi. Alishika simu, akaitazama namba, akairudisha simu mfukoni. Siku nzima aliita wagonjwa kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

Wiki tano zikapita. Asubuhi moja mtu akagonga mlango wa nyuma, mtandio umeziba uso wote isipokuwa macho. Aziza aliyajua macho yale.

"Funga mulango," akasema Shangazi Mwamvita. Hakukaa. Alishika ukingo wa meza. "Mukojo unaniponyoka, mwanangu. Nikicheka, unatoka. Nikikohoa, unatoka. Harusi siendi, musikitini nasali nyuma kabisa, karibu na mulango. Nilikwenda kwa muganga wa kliniki ingine, akauliza kwa sauti mbele ya watu wote, nikakimbia. Kisha nikakumbuka kuna musichana ambaye alifunga mudomo hata mbele yangu."

Aziza hakumkumbusha ya Fifi. Alimsogezea kiti, akamwita Dokta Mathilde. Daktari alimpima, akamtuliza: inatibika, lakini inataka operesheni kidogo kwenye hospitali kubwa.

"Na huko nani atasoma mambo yangu?"

"Muganga atakayekupasua, na wanaokutunza naye," akasema daktari. "Tunaandika yale wanayoyahitaji tu. Bahasha inafungwa mbele yako. Ukikataa, haiendi."

Shangazi alitazama bahasha ikifungwa, akaipokea kwa mikono miwili. Mlangoni akageuka.

"Muzaliwa asijue."

"Hatajua kwangu, shangazi."

"Fifi naye alikaa kwenye kiti hiki?"

Aziza akapanga kalamu zake. Shangazi akamtazama, halafu akacheka, akajishika haraka tumboni. "Haya basi, mubaya weye," akasema, akaenda zake.

Miezi miwili baadaye pikipiki iliingia uani kwa kishindo. Muzaliwa alishuka, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

"Shangazi alinipigia simu Salamabila. Anasema nikuoe haraka!"

"Shangazi anasema? Basi muoe shangazi."

"Aziza, ngoja!" Akavua kofia. "Unamukumbuka Bisimwa, rafiki yangu wa machimboni? Alipimwa kifua kikuu. Yule aliyemupima akasimulia kwenye mugahawa. Wenzake wakamutengea kikombe, wakahamisha mikeka. Asubuhi tulikuta amekimbia, dawa hakubeba hata moja. Nikasema, kama Aziza wangu angekuwa hapa, Bisimwa angekuwa anameza dawa. Niliona haya, roho yangu. Nilikutukana kwa kazi nzuri. Nisamehe."

Hasira za Aziza, alizozitunza wiki kwa wiki, zikamtoka zote kwa mara moja.

"Lakini niambie," Muzaliwa akasogea, "ulimufanya nini shangazi? Alikuja hapa?"

"Nani?"

"Aziza!"

"Muulize mwenyewe."

"Kwa hiyo nyumbani kwetu kutakuwa na siri?"

"Za watu, ndiyo. Za kwangu, uliza mpaka uchoke."

"Nauliza basi. Unanipenda bado?"

"Sana. Nimekukasirikia vilevile."

"Utakubali kuwa bibi yangu?"

"Nakubali. Wazee waje, na weye uoge kwanza."

Simu ya Muzaliwa ikalia. Shangazi! Akaweka sauti nje, wote wasikie.

"Amekubali?"

"Amekubali, shangazi!"

"Na juu yangu, amekuambia nini?"

Muzaliwa alimtazama Aziza. Aziza alitazama ukuta.

"Hakuniambia kitu. Nimemubembeleza, amekataa kabisa."

Vigelegele vikalipuka simuni, virefu, vya mwanamke mzima mwenye pumzi yake yote, havikuogopa tena mkojo kuponyoka, mpaka wagonjwa barazani wakainuka kwenye mabenchi.

"Iko nini huko?" akauliza mzee mmoja.

Aziza alitoka mbio, kilemba kimeanguka begani, machozi na kicheko vimechanganyika.

"Hii ni habari yangu mwenyewe, natangaza!" akapiga kelele. "Naolewa!"