Alama za Rangi ya Kucha

Kila Jumapili, kabla hata vikombe vya chai havijaoshwa, Chiriku alikuwa ameshajipachika kwenye chumba cha kushonea cha shangazi yake. Upande mmoja wa meza palikuwa na cherehani, upande wa pili redio ya mawasiliano. Kwa redio hiyo shangazi aliongea na babu, aliyeishi ng'ambo ya milima. Jina la Chiriku alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Na leo ndiyo siku aliyoahidiwa: yeye mwenyewe angemwita babu hewani, shangazi akiwa kando yake.

"Mvua imebandua utepe pale antena inapoungana na kebo," shangazi alisema, akikata uzi kwa meno. "Redio nimeizima. Panda kigoda nje ya dirisha, kwangua kutu, kaza skrubu, funga utepe mpya. Kisha washa upime. Mimi nampelekea jirani gauni lake."

Chiriku alitoka na kisu butu na utepe. Uani wenzake walikuwa wakiruka kamba.

"Njoo, zamu yako!"

Akaruka. Akaruka tena. Alipomwona shangazi anarudi kwa mbali, akakimbilia ndani, antena hajaigusa.

Aliwasha redio na kutazama mita, ile inayoonyesha nguvu kiasi gani inakwenda kwenye antena na kiasi gani inarudi. Sindano ilipanda juu. Nguvu nyingi ilikuwa inarudi. Kati ya redio na kebo palikuwa na tyuna, kisanduku chenye vishikio viwili vya kuzungusha ili redio na antena zipatane. Chiriku akavizungusha huku na huku mpaka sindano ikashuka chini kabisa. Akafurahi kana kwamba kazi ameifanya kweli.

"Umemaliza?" shangazi aliuliza mlangoni.

"Ndiyo, shangazi. Sindano hiyo, imelala fofofo!"

"Hongera. Haya, mwite babu."

Aliita mara mbili. Sauti ya babu ikaja, nyembamba, ikikatikakatika. "Chiriku? Uko hapo, mjukuu wangu?"

"Niko hapa, babu! Shikamoo!"

"Sikusikii. Nasubiri kidogo tu, betri yangu inakwisha."

Msemaji mkuu wa ukoo mzima, na leo hasikiki! Machozi yalimlengalenga.

Shangazi aliinama kutazama tyuna. Kila kishikio kilikuwa na doa jekundu la rangi ya kucha, alama aliyoiweka ili ielekee juu antena ikiwa nzima. Leo madoa yote mawili yalikuwa yameelekea chini.

"Sindano imelala, sawa," alisema taratibu. "Lakini vishikio vimehama. Chiriku, hebu nitazame."

"Sikukwangua, shangazi. Niliruka kamba, halafu nikaogopa, nikazungusha tu. Nisamehe."

Shangazi hakufoka. Alizima redio, wakatoka nje, akakishika kigoda kisiyumbe. Waya ulikuwa umeota kutu ya kijani. Chiriku akakwangua mpaka vidole vikamuuma na shaba ikang'aa, akakaza skrubu, akafunga utepe. Ndani, walirudisha madoa mekundu juu, wakawasha redio, nayo sindano ikatulia chini bila kubembelezwa.

"Babu, ni Chiriku. Bado upo?"

Shangazi akauma mdomo.

"Nipo!" Sauti ilijaa chumba kizima. "Umeingia kwa kishindo mpaka paka amekimbia! Mlipotelea wapi?"

"Ni mvua, babu..." Chiriku alianza, kisha akajirudi. "Hapana. Nilipewa kazi ya kukwangua kutu ya antena nikaikwepa, nikazungusha tyuna tu, halafu nikamdanganya shangazi."

Babu alicheka kidogo, kisha akasema kwa upole, "Sikiliza, mjukuu wangu. Tyuna iliiridhisha redio, lakini haikuondoa kutu. Na uongo ni hivyo hivyo. Ulimridhisha shangazi yako kwa muda, na kazi ikabaki palepale ikikungoja. Sasa umesema kweli na kazi umeifanya, ndiyo maana nakusikia vizuri. Haya, nipe habari za shule, upesi, kabla betri haijazima!"

Chiriku akavuta pumzi. Maneno yalikuwa yamemjaa tele, akaanza kuyamwaga.