Udongo wa Chini

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Chapuchapu alikuwa wa kwanza kutoka darasani. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na wenzake, nalo likamkaa. Alikula chapuchapu, aliandika chapuchapu, na alijibu swali kabla mwalimu hajalimaliza, hata kama jibu lilikuwa la swali jingine. Shoga yake Twiga, msichana mrefu wa maneno machache, alishazoea kumfuata nyuma akiokota vitu vyake: leo kalamu, kesho daftari.

Kutoka darasani walikwenda moja kwa moja kwenye kiwanja cha nyuma ya shule. Zamani kilikuwa sehemu ya msitu, na miti michache mikubwa bado ilisimama ukingoni. Mwaka uliopita kikundi cha bustani kilipanda hapo miche arobaini ya matunda. Waliimwagilia, wakaizungushia miiba mbuzi wasiifikie, wakaipa hata majina. Mvua ilipokuja majani yakageuka manjano. Kiangazi kilipofika yakakauka yote. Chapuchapu, aliyekuwa kiongozi wa kikundi, alilia siku hiyo mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu darasa la kwanza.

Mwaka huu bwana miti alikuwa tayari kuwapa miche mingine arobaini. Lakini mwalimu mkuu, mama asiyependa kurudia maneno, alisema wazi kwamba hiyo nayo ikifa, kiwanja kitasawazishwa kiwe maegesho ya magari ya wageni.

"Na wageni wenyewe huja kwa miguu," Twiga alinong'ona.

Chapuchapu hakucheka. "Haifi," alisema. "Safari hii haifi hata mmoja."

Ndipo alipomkumbuka shangazi yake, aliyefanya kazi mjini kwenye maabara ya kupima udongo. Shangazi alipoelezwa kwa simu habari za miche, hakuuliza ilipewa maji kiasi gani. Aliuliza ardhi yenyewe ikoje ndani. Watoto walitazamana. Nani amewahi kuiona ardhi kwa ndani?

Shangazi akawaelekeza. Wachimbe shimo lenye kina cha mita moja, na ubavu wake mmoja waunyooshe kama ukuta. Wataona ardhi imejipanga matabaka. Wajaze mfuko mdogo kutoka kila tabaka na kuuandika: wa juu, wa pili, wa tatu, na wa mwisho udongo wa chini. Hiyo mita moja aliisisitiza, kwa sababu mizizi ya mti haiishii pale inapoishia mizizi ya maharage. Wakimpelekea mifuko Jumamosi, mkuu wa maabara ataandika ushauri kabla ya siku ya kupanda.

Chapuchapu alijifunga kibwebwe. Siku mbili za kwanza kazi ilikwenda kama mchezo. Juu kulikuwa na majani makavu, chini yake majani yaliyooza, kisha udongo mweusi usiozidi kina cha kiganja, wenye harufu ya mvua. Chini ya huo wakakuta ajabu: udongo wa kijivu uliopauka, mchanga mtupu unaoponyoka vidoleni.

"Nani kamwaga majivu huku?" Twiga aliuliza.

Chini ya kijivu ukafuata udongo wa kahawia unaokaribia wekundu, ulioshikana zaidi. Mifuko mitatu ikajaa. Ukabaki mmoja.

Siku ya tatu Twiga alibaki nyumbani kumwangalia mdogo wake aliyekuwa na homa. Chapuchapu alishuka shimoni peke yake. Alipofika sentimita hamsini na tano, sululu iligonga kitu ikaruka. Akapiga tena, ikaruka tena. Udongo wa hapo ulikuwa mgumu kama kigae, wenye rangi ya kutu. Malengelenge mawili yakampasuka kiganjani. Kule uwanjani wenzake walikuwa wameanza mpira wa pete, nao walimwita kwa sababu timu ilipungukiwa mtu mmoja.

Alitazama futi, zilibaki sentimita arobaini na tano. Alitazama mfuko wa nne, mtupu, wenye mwandiko wake mwenyewe: CHINI.

Akatoka shimoni. Akichota tena ule wa kahawia, utafanana na wa mfuko wa tatu, na shangazi si mtoto. Basi alikwenda kwenye mti mkubwa wa ukingoni, akachota viganja vinne vya udongo mweusi na kuufunga mfuko. Si walitaka udongo wa chini? Huu nao ulikuwa chini, tena chini ya mti. Alicheka peke yake kwa ujanja huo, akakimbilia mpira. Jioni hiyo hakufunga hata goli moja.

Jumamosi asubuhi alikuwa maabara. Kilikuwa chumba kirefu chenye meza za vigae vyeupe, na kwenye rafu mikebe ya udongo imepangwa kama bidhaa dukani. Shangazi alimpokea akiwa na koti jeupe lenye madoa ya matope.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mikono imepatwa na nini?"

"Ni kuchimba, shangazi."

"Basi hayo ndiyo mapambo ninayoyapenda."

Sifa hiyo ilimuuma kuliko malengelenge.

Shangazi aliulowesha kidogo udongo wa mfuko wa kwanza kiganjani, akaufinyanga. Ukawa donge, lakini alipojaribu kuuviringisha kama kamba, ukakatika. Huo, alisema, ni udongo tifutifu wa kichanga. Maji hupita upesi, wala haushiki chakula cha mimea kwa muda mrefu. Kisha akauchanganya na maji safi kwenye bilauri na kutumbukiza kijiti cha kioo cha mashine. Namba zikapanda, zikashuka, zikatulia kwenye nne nukta sita. Alieleza kwamba saba ni katikati. Ukishuka kutoka hapo, unakwenda kwenye tindikali, upande wa ndimu. Katika msitu wa namna ile mvua hupenya kwenye majani yaliyooza na kushuka na tindikali, ikiosha kila inachokipitia. Kwa hiyo yale majivu hayakuwa majivu. Ulikuwa mchanga ulioogeshwa mpaka ukapauka, na vilivyooshwa vikashuka kutua chini zaidi, ndiyo maana tabaka la tatu likawa na rangi ile.

Halafu akafungua mfuko wa nne. Akanusa. Akaumimina kwenye sahani. Katikati ya udongo mweusi kulikuwa na kipande cha jani bichi na jongoo mdogo aliyejikunja.

"Mita moja ardhini," shangazi alisema polepole, "kuna jani bichi?"

Chapuchapu alijibu kabla ya kufikiri, kama ilivyo kawaida yake. "Shangazi, si ulisema udongo wa chini? Nikachota wa chini. Pale chini, chini ya mti."

Shangazi alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko. Alisema ni kweli kabisa: mtoto akikaa sakafuni amekaa chini, na bomba lililofukiwa nalo limepita chini. Angesema wa ndani kabisa, haya yasingetokea. Kosa ni lake.

Chapuchapu akashusha pumzi. Alikuwa ameponea chupuchupu.

Shangazi aliichukua sahani, akaenda nayo kwa mkuu wa maabara, mlango ukabaki wazi. Mkuu alikuwa bwana mwenye sauti kavu, miwani yake ikiwa juu ya paji la uso. Alisikiliza, kisha akasema kwamba shule nyingine pia ilileta sampuli zisizoeleweka mwezi uliopita. Kama maelekezo yanawachanganya watoto, kazi ya mashuleni atampa mtu mwingine.

Shangazi hakujitetea. "Sawa, mkuu," alisema. "Kosa ni langu. Mtoto hana hatia."

Chapuchapu aliyasikia yote. Kazi ya mashuleni ndiyo aliyoipenda shangazi kuliko zote. Hata nyumbani habari zake zilikuwa hizo tu. Akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Lakini kulikuwa na jingine lililomtisha zaidi. Kama si jongoo yule, barua ingeandikwa kwamba chini kabisa kuna udongo mweusi na laini, na miche arobaini ingepandwa kwa kuamini hivyo. Yeye aliyeshindwa kuchimba shimo alikuwa anaichimbia miche kaburi.

Alikwenda mpaka mlangoni. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, alitembea polepole.

"Maelekezo ya shangazi niliyaelewa," alisema. "Alisema mita moja. Mimi nilifika sentimita hamsini na tano, udongo ukawa mgumu, nikachota juu, nikaenda kucheza. Neno chini nimelifanya kichaka cha kujificha."

Mkuu aliishusha miwani.

"Ulikuwa mgumu vipi?" aliuliza.

"Kama kigae. Una rangi ya kutu. Sululu iliruka."

Watu wazima wale wawili walitazamana. Kisha mkuu akasema kwamba hapo alipochoka ndipo penye jibu walilokuwa wakilitafuta, na kwamba yeye haandiki ushauri juu ya udongo asiouona. Wamwonyeshe mita nzima, la sivyo kupanda kusubiri mwaka mwingine. Habari ya kazi ya shangazi hakuigusa tena.

Shangazi alimsindikiza mpaka kituoni. Gari lilipokaribia ndipo aliposema, "Jumatano nitakuja mwenyewe. Na futi yangu."

Jumatatu Chapuchapu aliwaeleza wenzake wote, bila kupunguza. Wengine waliguna. Mvulana mmoja waliyemwita Golikipa alisema kumbe kiongozi wao ni hodari wa mdomo tu. Twiga alimpa Chapuchapu sululu. "Shika," alisema. "Maneno yatatusubiri."

Walifunga vitambaa mikononi, wakachimba kwa zamu. Saa nzima iliwapa kina cha vidole vitatu. Kila alipopiga, Chapuchapu alisema kwa meno yaliyoumana, "Haifi." Jioni wakarudi nyumbani mikono ikitetemeka hata kushika kijiko ni taabu. Jumanne wakaendelea. Walipofika sentimita sabini, sululu ilizama ghafla mpaka kwenye mpini, na Chapuchapu nusura aangukie pua. Chini ya ule ugumu kulikuwa na mchanga laini wa manjano, wenye unyevu. Kufika mita moja ikawa kazi ya nusu saa.

Jumatano shangazi alishuka shimoni na viatu vyake vya ofisini. Alipima kwanza, mara mbili. Halafu akaagiza ndoo ya maji, akayamwaga kwenye sehemu ya tabaka gumu waliyoiacha kama ngazi. Yakatuama. Akamwaga mengine kwenye mchanga wa chini, yakapotea mara moja. Mwalimu mkuu aliyekuja kutazama alisimama robo saa, na yale ya kwanza bado yalikuwa palepale.

"Huyu ndiye aliyeua miti yenu," shangazi alisema. Mizizi ilishuka ikagonga kigae hicho. Masika mizizi ilikaa kwenye maji yasiyo na pa kwenda, ikaoza. Kiangazi maji yalikuwa chini ya kigae, nayo haikuweza kuyafikia. Tindikali ingetulizwa kwa chokaa, na udongo wa juu ungepewa nguvu kwa mboji, lakini hayo yote yangekuwa bure bila kuvunja tabaka lile katika kila shimo. Mashimo arobaini.

Watoto waliguna kwa pamoja. Mwalimu mkuu, aliyekuwa bado anayatazama yale maji, alisema kupanda kutasogezwa wiki mbili.

Wiki mbili hizo hakukuwa na mpira wa pete. Chapuchapu alipita shimo hadi shimo na futi mkononi, akipima kila moja. Shimo la Golikipa lilikuwa na sentimita sitini na nane.

"Si chini tayari?" Golikipa aliuliza.

Chapuchapu alimrudishia sululu. "Hilo neno nalijua vizuri," alisema. Kisha akashuka mwenyewe kumsaidia mpaka kigae kikavunjika.

Siku ya kupanda shangazi alikuja na mkebe mkononi. Ndani yake kulikuwa na ule mchanga wa manjano, na juu kimebandikwa kipande cha mfuko chenye mwandiko wa Chapuchapu: CHINI. Alisema mkuu wa maabara ameuweka kwenye rafu yake, yeye ameuazima kwa siku moja tu, na kwamba fomu za shule zimeandikwa upya; mahali pa udongo wa chini sasa pana maneno haya: mita moja ndani ya ardhi, si chini ya mti. Na kazi ya mashuleni bado anayo yeye.

Watoto walicheka, Chapuchapu naye akacheka, machozi yakimlengalenga. Shangazi alimshika bega, akasema mbele ya wote:

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuchoka si kosa, mwanangu. Ungeniambia umechoka, ningekuja na sululu yangu. Kosa ni kusema umefika kabla hujafika. Mimi unaweza kunidanganya, na kweli uliniweza. Lakini mti haudanganyiki. Mizizi yake itashuka yenyewe kwenda kuhakikisha."

Kisha akampa mche wa kwanza. Chapuchapu aliutia shimoni, akaujazia udongo kidogo kidogo, akaushindilia kwa viganja, taratibu, mpaka Twiga, ambaye hajawahi kumwona akienda polepole hivyo, akamuuliza kama usiku alilala njaa.