Jambo Lisilo na Nakala

Kila siku saa nane mchana, akitoka shule, Chiriku alikwenda moja kwa moja kazini kwa mama yake, kwenye ofisi ya mawakili iliyokuwa ghorofani juu ya duka la viatu. Alikuwa na jina lake la shule, lakini kwa jinsi alivyokuwa na maneno tangu kuamka hadi kulala, hakuna aliyelitumia. Mama yake alikuwa fundi wa kompyuta pale, na mawakili nao walimwita Mama Chiriku.

Msichana alifanyia kazi zake za shule kwenye kiti kimoja, karibu na chumba cha baridi kilichokuwa na seva, yaani kompyuta kubwa inayotunza kazi za ofisi nzima. Mama wa usafi, ambaye wote walimwita Shangazi, siku moja alimwona mtoto amejikunyata kwa baridi. Tangu siku hiyo Chiriku alikuta sweta kuukuu la Shangazi limekunjwa juu ya kiti. Shangazi hakulitaja hata mara moja.

Mwaka uliopita Mama alihangaika sana kuwashawishi mawakili wahamie kwenye meza pepe. Wakili mkuu alimuuliza kama pepe na pepo ni ndugu. Mama alicheka, kisha akaeleza tena. Zamani kila faili lilikaa ndani ya mashine ya mwenyewe. Mashine ikiibiwa, siri za wateja ziliondoka nayo, na ikiugua, Mama alikimbia huku na huku na bisibisi yake. Sasa meza ya kila wakili, pamoja na mafaili yake, ilikaa ndani ya seva, na nakala yake katika jengo jingine. Mashine iliyokuwa mbele ya wakili ilibaki dirisha tu la kuchungulia. Mama aliyasema hayo nyumbani karibu kila walipokula. Chiriku aliitikia kwa kichwa, masikio yakiwa kwingine.

Siku moja wakili mkuu alikuwa akiandika maelezo ya mfanyakazi wa kiwanda aliyeumwa mapafu. Mgonjwa aliyasema kitandani, akipumzika kila baada ya maneno matatu, na sasa alikuwa ameshazikwa. Kesi ya mjane wake ilikuwa kesho yake, na yote yalitegemea maneno hayo. Wakili aliacha mashine wazi, akaenda mahakamani mara moja.

Chiriku aliingia chumbani mwa wakili kwa sababu ya kiti cha kuzunguka. Alikizungusha mara mbili, chupa ya maji mkononi. Mara ya tatu maji yakamwagika juu ya mashine. Kioo kikawa cheusi. Alipangusa kwa sketi yake, akafunika mashine, akarudi kwenye kiti chake na kujifunika sweta.

Shangazi alikuja baadaye kupangusa meza. Wakili aliporudi, alimkuta na kitambaa kibichi mkononi. Alimwambia kwamba ameua maneno ya marehemu, amrudishie mlinzi kitambulisho na asije tena. Shangazi alisema hakuigusa mashine. Getini mlinzi alimwaga mkoba wake mbele ya watu: kanga, funguo, nusu mkate. Chiriku aliona yote kupitia dirisha la ghorofani. Yule mwenye maneno mengi hakusema hata moja.

Mama alileta mashine nyingine, wakili akaandika nenosiri lake. Haikufika dakika kumi, maelezo yakatokea yote, hadi nusu ya sentensi aliyokuwa ameiacha. Wakili alishusha pumzi, akaendelea kuandika. Kuhusu Shangazi hakusema kitu.

Jioni hiyo mezani Chiriku hakula.

"Mama, ni mimi," alisema. "Maji niliyamwaga mimi. Nilidhani nimeyaua yale maneno."

Mama alitoa karatasi mkobani. Seva ilikuwa imeandika kwamba mashine ya wakili ilikatika saa tisa na dakika ishirini. Kwa daftari la getini, Shangazi alipanda ngazi saa kumi.

"Nimeiona Shangazi alipokwisha kuondoka," Mama alisema. "Simu yake haipatikani. Nilitaka kauli yako itangulie karatasi hii."

Asubuhi na mapema walipitia ofisini kuchukua sweta, kisha wakaenda kwa Shangazi, na wakili akaenda nao baada ya kuisoma karatasi. Walimkuta mlangoni amejikumbatia kwa baridi, maana sweta lake lilikuwa limebaki ofisini, kwenye kiti cha mtoto. Chiriku alimpa sweta kwa mikono miwili, akasema yote. Wakili aliomba radhi na kumrudishia kitambulisho. Shangazi alivaa sweta na kulifunga vifungo vyote.

"Nitarudi, mwanangu," alimwambia Chiriku. "Lakini majirani zangu wameshasikia kwamba nimefukuzwa."

Alirudi kazini. Mjane naye alisikilizwa mahakamani, na maneno ya mumewe yakasomwa yote. Lakini kila jioni, akifika getini, Shangazi alifungua mkoba wake kabla hajaambiwa, akamwonyesha mlinzi, macho chini.

Mama na Chiriku walimtazama kutoka kwenye ngazi.

"Unaona?" Mama alisema taratibu. "Maji yalikuwa ajali. Ungeniambia palepale, ningebadilisha mashine, ningekukemea kidogo, yakaisha. Maneno ya marehemu yalikuwa na nakala. Siku ile ya Shangazi pale getini haina nakala mahali popote. Mimi si fundi wa kuirudisha. Ukikosea, mwanangu, sema kabla mtu mwingine hajaubeba mzigo wako."

Chiriku aliteremka ngazi, akasimama getini kando ya Shangazi, akafungua mkoba wake wa shule na kuuweka mbele ya mlinzi.

"Anza na wangu," alisema.