Mke wa Bwana Tabasamu

"Karibu, mama. Utapenda kinywaji gani kabla hatujaruka?"

"Una nini?"

"Maji, maji ya matunda, na vingine vya wakubwa."

"Nipe maji. Vya wakubwa wape wakubwa."

Mhudumu aliinama kidogo, akatabasamu, akaenda zake. Mwanamke aliyekaa kiti cha dirishani alimfuata kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya pazia. Mabega yale aliyajua. Shati lile alilipiga pasi mwenyewe alfajiri, kola akairudia mara mbili, maana mwenye shati hakosi neno na kola. Mhudumu huyo alikuwa mume wake wa ndoa.

Usishangae. Shirika lile la ndege lilikuwa na utaratibu wake. Mfanyakazi anaweza kumpatia mkewe tiketi ya bei ya kutupa, ila ni ya kusubiri: abiria wote wakishaingia, pakibaki kiti kitupu, popote pale, mke anapewa. Siku hiyo kiti kilichobaki kilikuwa cha daraja la kwanza, kule wanakokaa watu wasiouliza bei. Lakini kilikuja na masharti. Uvae vizuri. Usimwambie abiria yeyote kwamba umepanda kwa tiketi ya wafanyakazi. Na mume, akiwa kazini, asioneshe kwamba ana mke ndani ya ndege. Amhudumie kama anavyohudumia wengine.

"Tukiingia mle, hunijui, sikujui," mume alikuwa amemwambia wakiwa bado nyumbani.

"Hilo halitanipa shida. Nimeshazoea."

Mume alicheka, akidhani anataniwa.

Mwanamke huyu alikuwa fundi wa mapazia. Hata pale alipokaa, kwenye kiti kipana kuliko kochi la sebuleni kwake, macho yalikuwa kwenye pazia la ndege, yakiulaumu upindo wake. Alikuwa anakwenda ng'ambo kwa dada yake mkubwa, wiki mbili za kupumzika. Ndivyo mume alivyojua. Asichojua ni kwamba ndani ya sanduku, katikati ya nguo, ulikuwamo mkasi wake wa kazi. Fundi anayekwenda matembezi habebi mkasi. Lilikuwapo neno moja ambalo mume wake hajawahi kulisema tangu walipompoteza mtoto wao, na yeye alikuwa amejiapiza: akilisema kwa kinywa chake kabla ndege haijatua, nitarudi nyumbani. Asiposema, harudi mtu.

Ndege ikapaa. Bibi mmoja wa kiti cha pili, mwenye miwani mikubwa iliyomfunika nusu ya uso, alimgeukia.

"Huyu kijana amelelewa," akasema. "Nimesafiri naye mara kadhaa. Anakumbuka kwamba mgongo unanisumbua, ananiletea mto kabla sijafungua mdomo. Wenzake wanamwita Tabasamu."

"Nimesikia."

Jina hilo alilisikia kwenye simu za wafanyakazi wenzake na mumewe. Hakuwahi kuuliza limetoka wapi.

"Mke wake ana bahati ya mtende, wallahi."

"Nyumba njema si mlango, bibi."

Bibi Miwani alimtazama juu ya miwani yake, akaguna, akarudi kwenye gazeti.

Chai ilikuja kwenye kikombe chembamba. Mume hakumsimamia kichwani. Alichuchumaa pembeni ya kiti, uso wake usawa na wa abiria, kama walivyofundishwa. Miaka yote ya ndoa, mke hakuwahi kuuona uso huo kutoka pale. Nyumbani aliongea na kisogo, au na mtu aliyejifunika shuka gubigubi kwa uchovu wa safari. Kumbe anajua kuchuchumaa, aliwaza, na wivu ukamchoma, wivu wa kuwaonea abiria.

"Chai yako, mama. Sukari vijiko viwili."

"Situmii sukari."

"Tangu lini?" Neno lilimtoka kabla hajalizuia.

"Tangu nilipokuwa na mimba. Daktari alinikataza, sikuirudia tena."

Mhudumu aliangalia kikombe. Tabasamu lilibaki mdomoni, lakini macho yalikuwa yameshaondoka.

"Samahani, mama. Nitakuletea nyingine."

"Huyo bibi unajua mpaka mgongo wake."

"Nitakuletea nyingine," alirudia kwa sauti ya chini.

Kinyozi hajinyoi, waliosema hawakukosea.

Ndege ilikuwa inakimbilia magharibi, na jua lilikuwa halitaki kuzama. Vidirisha vilishushwa watu walale. Zamu ya kutandika vitanda ilipofika, mke alisimama kwenye ujia akimtazama mumewe akilaza kiti, akikiwekea godoro, akikunja pembe za shuka, akilipapasa kwa kiganja lisibaki kunjo. Bibi Miwani alikuwa amejifunika macho, amelala au amejifanya.

"Unatandika vizuri," mke alisema.

"Asante, mama."

"Una watoto?"

Kiganja kikasimama juu ya shuka.

"Hatukujaliwa, mama."

"Hamkujaliwa, au mlimpoteza?"

Injini zilinguruma.

"Nikusimulie habari za mume wangu?" mke akauliza. "Wewe ni mgeni tu, hunijui, sikujui. Mgeni huwa anasikiliza."

"Kama itakupa nafuu, mama."

"Mume wangu anafanya kazi kama yako. Siku moja ameshaondoka kwenda uwanjani, mimi nina mimba ya miezi saba, nikaona damu. Nikampigia, hakupokea. Nikamwandikia: 'Natoka damu. Usiruke. Njoo.' Nikakaa sakafuni bafuni, simu mkononi, naangalia ule ujumbe. Alama zikawa mbili. Halafu zikageuka bluu. Nikasema alhamdulillahi, amesoma, anakuja. Nikapiga tena, simu haipatikani. Jirani ndiye aliyenibeba."

Mhudumu hakuinua uso.

"Aliporudi, mtoto alikuwa ameshazikwa. Akalia, sikatai. Akaniambia simu iliisha chaji mapema, hakuona kitu mpaka alipotua. Wote wakamwonea huruma. Na mimi nikamfuta machozi, kwa mkono huu huu, huku najua alisoma."

"Kwa nini... kwa nini hukumwambia kwamba unajua?"

"Nilitaka aseme mwenyewe. Kila akirudi safari nasema, leo atasema. Namwekea chakula, namsubiri. Anakula, anasifu mchuzi, analala. Ungekuwa wewe mume wangu, ungesema?"

Alifungua mdomo. Mke akaushika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

Kengele ikalia. Abiria wa mbele alitaka blanketi la pili.

"Samahani, mama," mhudumu alisema, akaenda.

Hakurudi. Mke alijilaza kwenye kitanda kile kilichonyooka kama mstari wa rula, akajifunika hadi kichwani, akalia kimyakimya asimwamshe jirani. Alilia kwa ajili ya mtoto, na kwa ajili ya yule mume wa ndani ya ndege, mpole, msikivu, ambaye alimwona leo kwa mara ya kwanza na asingekwenda naye nyumbani.

Chakula cha mwisho kililetwa na binti mwingine.

"Yule mwenzako yuko wapi?"

"Tabasamu? Amekwenda kupumzika, mama. Ni zamu yake."

"Amekimbia tena," mke alinong'ona.

"Umesema, mama?"

"Nimesema asante."

Ndege ikaanza kushuka. Vidirisha vikafunguliwa, jua likaingia kwa ukali. Abiria wakafunga mikanda. Mke alikuwa ameshauhesabu mkasi wake kama kitu cha kuanzia maisha: dada alikuwa na chumba cha ziada, na kila nchi ina madirisha.

Ndipo mume akatokea na koti la mkewe mkononi. Ni kazi yao kule mbele: makoti hutundikwa mwanzoni, hurudishwa kabla ya kutua. Alichuchumaa. Macho yalikuwa mekundu. Kitu kilikuwa kimepungua usoni pake, na ilimchukua mke muda kutambua ni nini. Hakuwa anatabasamu.

"Koti lako, mama."

"Asante."

Hakulitoa. Alilishika.

"Niliusoma," alisema.

"Ulisoma nini? Sema lote."

"Ujumbe wako. Niliusoma nimesimama mlangoni, abiria wanaanza kuingia. Ilikuwa safari yangu ya kwanza kupangiwa huku mbele. Miaka nimeiomba. Nikajua nikisema, watanishusha, wataweka mtu mwingine, na sitapangiwa tena. Nikajidanganya kwamba majirani wapo, damu kidogo ni kawaida. Nikazima simu, nikaitia mfukoni. Mtu wa kwanza akapanda ngazi, nikamwambia, 'Karibu ndani.'"

Bibi Miwani aliteremsha gazeti taratibu.

"Nilitabasamu njia nzima," mume aliendelea, na sauti ikaanza kumvunjika. "Niliogopa nikiacha nitapiga kelele. Nikawa natabasamu mpaka mashavu yanauma. Tulipotua wakanisifu. Siku hiyo ndiyo waliyonipa hili jina."

Mke alilifikiria upya jina lile. Miaka miwili lilikuwa likiitwa kwenye simu sebuleni kwake, Tabasamu yupo, mwambie Tabasamu anapangiwa kesho, na yeye alikuwa akijibu, subiri nimwite.

Msimamizi wa wahudumu alikuja mbio, mama mmoja mkali wa kucha ndefu.

"Kuna tatizo hapa? Kakae, tunatua."

"Hapana, bosi. Naongea na mke wangu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, na watu wa viti vya mbele wakageuka. Msimamizi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Tutaongea tukishuka," alisema. "Kakae."

Mume alimwekea mkewe koti mapajani, akaenda kwenye kiti chake kidogo kando ya mlango, akajifunga mkanda, akafunika uso kwa viganja. Bibi Miwani alinyoosha mkono wake wenye mishipa, akaushika wa mke.

Neno limesemwa. Mke alikuwa amelingoja akidhani litamtua mzigo, kumbe lilikuwa na uzito wake lenyewe. Alimchukia kuliko alivyomchukia asubuhi. Na alitamani kwenda kumtoa viganja usoni. Vyote viwili kwa pamoja, na hakujua afanye nini navyo.

Mlangoni wahudumu walijipanga. "Asante kwa kusafiri nasi. Karibu tena. Asante. Karibu tena." Zamu yake ilipofika, mume hakuweza kutamka "Karibu tena."

"Nimebeba mkasi wangu," mke alimwambia.

Aliona anavyoelewa. Angalau hilo alilijua: mkewe na mkasi hawaachani ila kwa matembezi.

"Kwa hiyo hurudi?"

"Niliapa kwamba ukisema nitarudi. Sasa umesema, na miguu haitaki. Usiniulize."

"Sikuulizi."

Akashuka.

Kwa dada alipewa chumba chenye dirisha kubwa lisilo na pazia. Alisimulia yote akiwa ameketi kitandani na koti lake.

"Maji yakimwagika hayazoleki, mdogo wangu," dada alisema. "Kaa hapa. Kazi ipo."

"Najua, dada."

"Anaondoka lini na hiyo ndege yake?"

"Wanalala hotelini. Kesho mchana wanarudi."

"Mwache aende."

Asubuhi, dada akiwa jikoni, simu ilitikisika juu ya kitanda. Ulikuwa ujumbe wa mume.

"Chai bila sukari. Ni nini kingine sikijui?"

Aliusoma, akaiweka simu, akaichukua tena. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali lile. Vilikuwa vingi asivyovijua: usiku aliokuwa akifungua kabati la nguo ndogo, jirani aliyemkumbusha kula, wimbo asioweza kuusikia. Vidole vikaandika kimoja tu.

"Mtoto nilimpa jina. Hujawahi kuuliza. Kabla hawajamwosha, nilimwita kwa jina lake mara moja, sijamwambia mtu. Usiruke. Njoo."

Alama zikawa mbili. Zikageuka bluu.

Akapiga. Simu haipatikani.

Alibaki ameketi pale pale, simu mkononi, kama alivyoketi bafuni siku ile. Dada aliingia na vikombe, akauona uso wake, akavinyang'anya simu vidole vilivyokakamaa, akasoma.

"Kwa nini ulijirudisha kwenye moto uleule?"

"Nilitaka kujua."

"Basi umejua. Kunywa chai."

Chai ilipoa. Saa ya ndege ikakaribia. Dada alipima dirisha kwa mikono, akaongea habari za vitambaa na rangi, apate kumtoa mawazo. Mke alikuwa amekwenda kulifungua sanduku na kuutoa mkasi, ameuweka mezani, kengele ya mlango ilipolia.

Dada alikwenda. Alikawia kule, kisha sauti yake ikasikika, kavu.

"Shemeji."

Mke alitoka mpaka ukumbini. Mume alikuwa amesimama nje ya mlango na shati la kazi, kola imelegea, bila beji ya jina kifuani. Mikono mitupu, hakuleta hata pafyumu aliyozoea kuleta kutoka safarini.

"Ulizima simu," mke alisema.

"Niliizima, nikamwachia bosi pamoja na beji. Simu ni ya shirika. Amesema nikitoka pale hotelini, nisirudi. Nimepotea njia mara mbili. Anwani nimeikumbuka, niliiona kwenye karatasi iliyofungwa kwenye sanduku lako."

"Ndege yako je?"

"Inaruka sasa hivi. Wameweka mtu mwingine."

Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta, wala hakujaribu kutabasamu. Hakuusogelea mlango. Alisimama pale kama mtu ambaye haamini kama kuna kiti kimebaki.

Mke alimtazama sana. Nyuma yake, mezani, mkasi ulikuwa bado upo, na hakujua bado utakata pazia la nyumba ipi. Lakini jina la mtoto lilikuwa limeshamfika mdomoni, na alikuwa amechoka kulibeba peke yake.

"Karibu ndani," alisema.